Bibi Kadi na Wapangaji wa Maneno

Miaka thelathini na sita, miezi miwili na siku kumi na moja. Huo ndio utumishi wa mtunza kadi wa idara yetu ya kamusi, dada yetu tunayemwita Bibi Kadi, ambaye Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, anarudisha funguo za chumba cha ghorofa ya kwanza, mlango wa tatu kushoto ukimaliza ngazi, na kustaafu. Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, fundi mkuu wa mashine za kuchapia. Anayeshangaa kwa nini hakupewa mhariri, ajue kwamba wahariri wamekuja na kuondoka kumi na mmoja, na mimi nipo. Nilistaafu miaka minane iliyopita, mashine ikawagomea vijana wote walioletwa, wakaja kunigongea mlango nyumbani. Darasa nilisoma nne tu. Lakini hakuna kitabu kilichotoka katika jengo hili bila kupita mikononi mwangu, na nani mwingine anaweza kusimama akasema hivyo?

Basi tuanze alipoanza. Aliingia hapa tarehe kumi na tisa mwezi wa nne akiwa na miaka ishirini na minne, ameajiriwa kama karani wa kupiga taipu. Bahati mbaya taipu iliyokuwapo ilikuwa imevunjika herufi tatu, na bahati nzuri mkuu wa kamusi wa wakati huo hakupenda kumwona mtu amekaa bure. Akamwonyesha makabati ya mbao yenye droo sitini na nne, akamwambia apange kadi mpaka taipu itengenezwe. Taipu haijatengenezwa mpaka leo.

Kwa wageni wasiojua kazi yetu, kadi ni kipande cha karatasi ngumu, kikubwa kama kiganja. Juu linaandikwa neno la Kiingereza, katikati maana yake kwa Kiswahili, na chini kabisa asili yake: limetoka lugha gani, na huko lilikotoka lilikuwa na maana gani. Kamusi zetu zote za Kiingereza na Kiswahili zilitoka kwenye kadi hizo. Alipozipokea zilikuwa elfu tisa. Anapoondoka ni elfu arobaini na moja, na kila moja iliyoongezeka ameiandika kwa mkono wake, mwandiko uleule uliosimama wima kama askari wa gwaride.

Ila kadi peke yake mtu yeyote angeandika. Kilichomfanya Bibi Kadi awe Bibi Kadi ni mistari. Aligundua mapema kwamba maneno mengi ya Kiingereza yana neno dogo limejikunja ndani yake, na kwamba watu wazima kabisa, wenye vyeti, wakiliona lile dogo wanafikiri ndilo mama wa lile kubwa. Yeye hakubali jambo kwa kuliangalia usoni. Akawa anachukua penseli mbili. Neno dogo likiwa ni ndugu wa kweli wa lile kubwa, analipigia mstari wa buluu. Likiwa limejikuta mle kwa bahati ya herufi tu, mstari mwekundu. Wa buluu aliwaita ndugu, wa nyekundu akawaita wapangaji. Ukimbishia anakujibu, "Si kila anayelala nyumba moja ni wa tumbo moja. Muulize kwanza katokea wapi."

Chukueni cat, yaani paka. Yumo ndani ya caterpillar, ambaye ni kiwavi, na yumo ndani ya cattle, ambao ni ng'ombe. Mtu na akili zake atasema paka na ng'ombe, wote wa kufugwa, huenda wana uhusiano, lakini paka na kiwavi ndiyo kabisa hawana. Kumbe kinyume! Jina la kiwavi, anasema Bibi Kadi, limetoka kwenye Kifaransa cha zamani, na maana yake ilikuwa paka mwenye manyoya. Mtazameni kiwavi vizuri mtaona. Huyo ni ndugu, buluu. Ng'ombe je? Jina lao lilikuja kutoka neno lililomaanisha mali tu, mali yoyote. Paka hayumo, ni mpangaji, nyekundu. Na catalogue, orodha, hilo limetoka kwa Wagiriki, na hao hawakuwa wakimfikiria paka hata kidogo.

Mlinzi wetu wa getini ni shahidi wa faida ya elimu hiyo. Aliwahi kusikia kwamba ham ni nyama ya nguruwe, na kwa sababu hiyo kwa miaka kumi na mmoja hakugusa hambaga, hata sherehe za ofisini akawa anakula viazi peke yake pembeni. Bibi Kadi alipojua alishuka na kadi mkononi mpaka getini, akamweleza kwamba neno hilo limetokana na jina la mji mmoja wa Wajerumani na halina nguruwe ndani yake, na kwamba kilichomo kwenye mkate amuulize mpishi, asiulize herufi. Mlinzi alishika kichwa. "Bibi, yaani miaka yote hiyo nimejinyima bure?" Akajibiwa kwamba hakujinyima bure, amepumzisha tumbo.

Msidhani ni mtu wa mchezo. Chai haikaribii makabati yake. Na mwenye kuazima kadi anaacha kiatu kimoja mezani kwake mpaka airudishe, awe mfagizi au awe bosi. Alianzisha sheria hiyo baada ya kadi kumi na nne kupotea mwaka mmoja. Tangu hapo haijapotea hata moja, maana hakuna anayeweza kusahau kwamba amevaa kiatu kimoja. Mkurugenzi wetu wa sasa, mwezi wake wa kwanza kazini, alipokea wageni wa heshima huku amesimama nyuma ya meza saa nzima asije akatembea mbele yao. Mume wake Bibi Kadi, fundi saa, huja kumchukua saa kumi na moja kamili na kumsubiri kwenye ngazi, na hata yeye aliwahi kurudi nyumbani na kiatu kimoja. Alikuwa ameazima kadi ya watch, yaani saa.

Sasa nije kwenye lenyewe. Miaka miwili iliyopita zilikuja kompyuta, na binti wa kompyuta akaanza kuingiza kadi humo. Binti ni mchapakazi, sina neno naye, na ndiye anayenipigia chapa maandishi haya. Lakini ile kompyuta iliwekewa nafasi ya neno, ya maana na ya asili. Ya mistari haikuwekewa. Mwaka jana ikatoka barua kwamba chumba cha kadi kitakuwa ukumbi wa mikutano, na kadi zenyewe zitapelekwa kusagwa kuwa karatasi mpya mara Bibi Kadi akishastaafu. Hakulalamika. Alipanda kwa Mkurugenzi akaomba jambo moja tu: mistari yake itoke kama kitabu, kitabu kidogo cha shule na cha nyumbani, kabla hajaondoka. Yeyote aliyemwona akishuka ngazi siku hiyo alijua kwamba hilo ndilo alilobakiwa nalo. Miaka thelathini na sita ya kuuliza kila neno limetokea wapi, na bila kitabu ingeingia kwenye mashine ya kusaga pamoja na mbao za makabati.

Alikuwa ameshaomba hivyo mara mbili miaka ya nyuma, akakataliwa. Mara ya tatu Mkurugenzi hakukataa wala hakukubali. Alisema mswada aliomletea ni orodha kavu kutoka A mpaka Z, na kwamba hajaona mtu ambaye angeusoma kwa hiari yake. Bibi Kadi amletee ushahidi kwamba wasomaji wapo. Akiuleta, mashine itapatikana mwezi wa sita tu, maana mwezi wa saba tunaanza vitabu vya shule. Kitabu kisipokuwa kwenye maboksi kufikia tarehe thelathini, basi, kadi zinaondoka na habari imekwisha.

Mwezi wa pili binti yake mkubwa alijifungua, Bibi Kadi akachukua likizo ya wiki mbili kwenda kumsaidia. Ndani ya wiki hizo likaja agizo kwamba makabati yateremshwe stoo ili mafundi wapime chumba. Nani ateremshe? Mimi, bila shaka. Mtu aliyehamisha mashine ya tani mbili kwa magogo na kamba hawezi kushindwa na kabati. Bibi Kadi alikuwa ameacha kikaratasi mlangoni: toeni droo kwanza. Nilikisoma, si kwamba sikukisoma. Niliona ni maneno ya mtu asiyebeba vitu.

Tulikuwa watatu, mimi na wapagazi wawili. Kwenye kona ya ngazi kabati lilielemea upande, droo zikachomoka moja baada ya moja, na kadi zikashuka kabla yetu, ngazi yote, mpaka mlango wa mbele. Zilikuwa droo tisa, na kwa mkosi zilikuwa zile zenye mistari, kadi kama elfu nne. Mpagazi mmoja alikaa chini akasema, "Mzee, hapa hatutoki." Nikamwambia inuka, wewe umewahi kuniona nimeshindwa?

Tuliokota kwa siku tatu. Na mimi, kama nilivyosema, sikwenda mbali shuleni. Neno refu la Kiingereza kwangu ni ukuta. Lakini lile dogo lililopigiwa mstari, la herufi tatu nne, hilo nalisoma kama jina langu. Kwa hiyo nikaamuru kadi zote zenye mstari chini ya pen, kalamu, zikae na pen, zote za cat zikae na cat, za man na man, za ear na ear. Wapagazi walikuwa wananisomea kwa sauti na mimi ninagawa. Tulipomaliza, droo tisa zilikuwa zimesimama kama sare mpya. Nilijisifu, na sitadanganya kwamba sikujisifu.

Alirudi Jumatatu. Alivuta droo ya A, akakuta man. Akavuta ya C, akakuta pen. Aliniita, na sauti haikuwa ya kuitia mtu chai.

"Fundi, nani amegusa kadi zangu?"

"Nimekupangia, dada yangu. Sasa zimenyooka."

"Zimenyooka. Haya, catalogue iko wapi?"

"Kwa paka."

"Na cattle?"

"Kwa paka hukohuko."

"Carpenter, seremala?"

"Huyo nimemweka kwa kalamu. Dada, mbona rahisi? Kila mtu yuko kwao."

Alikaa juu ya boksi, akafunika uso kwa kitambaa chake. Mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Mswada wake ulikuwa lazima uhakikiwe kadi kwa kadi, kutoka A mpaka Z, na sasa hakukuwa na A wala Z. Kuzirudisha peke yake kungechukua miezi aliyokuwa hana. Kwa siku tisa hakunisemesha. Salamu yangu ilikuwa inagonga mgongo wake na kurudi. Mama wa chai akawa anatupelekea habari, huyu anasema hivi na yule anasema vile, kama tarishi kati ya serikali mbili.

Siku ya kumi alishuka chumba cha mashine amekumbatia droo ya pen. Akaiweka juu ya meza ya kukatia karatasi, akaniambia nisome kadi moja moja, na mimi nikawa nasoma nilichoweza, pen, pen, pen, na yeye ananiambia kila moja katokea wapi. Pen yenyewe, kalamu, ilikuwa unyoya, maana watu waliandikia manyoya ya ndege. Seremala, carpenter, kumbe alikuwa mtengeneza magari ya kukokotwa, na herufi zile tatu ni mpangaji. Penalty, adhabu, mpangaji. Peninsula, nchi iliyozungukwa na maji isipokuwa upande mmoja, maana yake kwa Kilatini ni karibu kuwa kisiwa, mpangaji tena. Pension, pensheni, ilitokana na kupima kwa mizani, mpangaji. Nikamwuliza, kwani katika nyumba hii hakuna hata mtoto mmoja wa kuzaliwa? Mashine ilikuwa imezimwa na alinisikia vizuri. Akanigeukia, akasema, "Nyumba. Fundi, umesema nyumba."

Hapo ndipo alipoona kilichokuwa kimemkwepa miaka yote. Kitabu kisiwe orodha. Kila neno dogo liwe nyumba, na ndani ya nyumba wakae wote waliolibeba, kisha msomaji aambiwe yupi ndugu na yupi mpangaji, na kila mmoja katokea wapi. Kwa wiki saba aliandika upya kitabu kizima, droo zikiwa vilevile nilivyozipanga. Fundi saa akawa analeta chakula cha mchana na kukila naye stooni, juu ya maboksi. Binti wa kompyuta akawa anakaa baada ya saa za kazi, bila kuagizwa, anapiga chapa.

Lakini ushahidi wa wasomaji ulikuwa bado. Bibi Kadi hakwenda kutafuta maprofesa. Alichukua nyumba sita, akazibandika kwenye ukuta wa chumba cha chai bila majibu, akaandika juu: Nani ndugu, nani mpangaji? Kufikia saa nne na nusu hakuna aliyerudi kazini. Mlinzi aliacha geti. Wapagazi walitetea kiwavi kana kwamba ni shemeji yao. Mkurugenzi alisikia kelele akashuka kuuliza kulikoni, na kabla hajafoka macho yake yakaangukia ukutani, kwenye nyumba ya male, yaani mwanamume, ambamo mmewekwa female, mwanamke.

"Hii ndiyo rahisi kuliko zote," alisema. "Ndugu. Hilo limetoka kwa hili. Hata semina huwa nafundisha."

Bibi Kadi alitia mkono mfukoni. Alitoa kadi akaiweka mezani mbele yake. Mstari mwekundu. Yale maneno mawili, anaeleza, yalizaliwa mbalimbali kabisa huko kwenye Kilatini, moja likiwa na maana ya mwanamke mdogo, jingine la mwanamume. Yalikuja kufananishwa herufi baadaye, kwa sababu watu waliyaona yakitembea pamoja.

Mkurugenzi aliisoma kadi mara mbili. "Kwa hiyo semina zote zile..."

"Semina umezifundisha vizuri, Bosi," alisema mama wa chai, "ila sisi hatukutoka kwa mtu. Shika kikombe chako kinapoa."

Alicheka kabla ya wote, na kwa hilo nampa heshima. Alisaini mswada siku hiyohiyo, kwenye meza ya chai, akaomba aachiwe zile karatasi za ukutani mpaka jioni.

Ikabaki kazi yangu, na hapo nilikubali jambo ambalo wengine walisema nisingeliweza. Kitabu kilitaka rangi tatu: nyeusi ya maandishi, buluu na nyekundu za mistari. Mashine yetu inabeba rangi moja kwa safari moja. Maana yake kila karatasi ipite mara tatu, na mara zote tatu ikae palepale, la sivyo mstari unakwenda chini ya neno la jirani. Nikasema nitafanya. Tarehe tano mwezi wa sita nikaanza. Tarehe saba Bibi Kadi akaja na rula, akapima, akasema mistari imesogea. Nikamwambia ni unywele tu, hakuna atakayeona. Akasema ataona yeye. Nikamwambia macho yake yamechoka na kadi. Akaniwekea rula mkononi akaondoka.

Ilikuwa imesogea. Karatasi ilikuwa imekunywa unyevu dirishani, ikatanuka baada ya safari ya kwanza, na nani aliiweka dirishani si jambo la wasifu huu. Tulitupa karatasi za siku tatu, tukazipanga nyingine katikati ya chumba, tukazifunika, nami nikawa nalala saa moja mchana na kuamkia mashineni. Kufikia Jumapili tarehe ishirini na tano kurasa zote zilikuwa zimekamilika, mistari imesimama mahali pake kama nyuzi za kushona. Nyinyi mliosema mashine ile ni chuma chakavu, kaziangalieni. Ilibaki karatasi ya mwanzo tu, ile yenye dibaji.

Jumatatu asubuhi binti akaniletea. Dibaji ya Bibi Kadi ilikuwa fupi, nikaisoma polepole kwa kidole, na katikati nikakuta haya: "Mpangilio wa kitabu hiki ulianzishwa na fundi wetu mkuu wa mashine, kwa makosa, baada ya kukataa kutoa droo kwanza." Nikazima mashine.

Kuwekwa kwenye kitabu ni heshima. Kuwekwa kwenye kitabu pamoja na kosa lako, kisha ukichape mwenyewe, nakala elfu tatu, hilo sikubali. Nikamwambia binti ampelekee ujumbe: yaondoke maneno yale ya makosa, au dibaji achape mwenyewe. Jibu likarudi kwamba hayaondoki. Jumatatu ikaisha. Jumanne nikaja, nikakaa juu ya kiti changu, mashine imezimwa. Wafunga vitabu walikuwa wamekaa mikono kifuani na sindano za nyuzi tayari. Mkurugenzi alipita mara mbili akiangalia kalenda. Kila mtu alijua zimebaki siku tatu, na mimi nilijua zaidi ya wote, maana kufunga na kukata kunataka siku mbili kamili.

Saa nane mchana Bibi Kadi aliteremka mwenyewe. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Alichukua ile karatasi, akaweka kidole mahali.

"Fundi, ulisoma mpaka wapi?"

"Nilisoma panaponihusu."

"Soma mstari unaofuata."

Nikasoma. Ilinichukua muda, na yeye akasubiri bila kunisaidia. Ulisema hivi: "Na mtunza kadi, kwa miaka kumi na tisa, alilipigia neno pencil mstari wa buluu, akifundisha ofisi nzima kwamba ni ndugu wa pen. Si ndugu. Lilitokana na brashi ndogo ya mchoraji, yaani kijimkia. Ni mpangaji. Wote aliowafundisha anawaomba radhi."

Nilikumbuka alivyokuwa akitufundisha hilo. Mimi mwenyewe nilishawahi kulisema kwa watu, kwa kujidai. Kosa la kadi ile alikuwa ameligundua mwezi wa nne, peke yake, stooni. Angebadilisha mstari kwa penseli yake na hakuna kiumbe angejua. Nikamwuliza kwa nini ajianike namna hiyo wiki ya kuondoka. Akasema miaka thelathini na sita amekuwa akiyauliza maneno yametokea wapi, na kitabu nacho lazima kiseme kimetokea wapi. "Kimetokana na kosa lako na langu, kaka. Tukificha, tutakuwa tumewapigia wasomaji mstari wa rangi ya uongo."

Sasa mtu akishajitangaza namna hiyo chini ya jina lako, utasema nini? Nyani haoni kundule, lakini akiwekewa kioo hana pa kwenda. Niliwasha mashine saa nane na dakika ishirini. Nilizichapa zote elfu tatu, na sikuharibu hata moja.

Vitabu vimefungwa, vimekatwa na vimo ndani ya maboksi tangu jana Alhamisi saa kumi jioni. Mkurugenzi ameshachukua cha kwake na ameanza kuwasumbua wageni. Kadi zinakwenda kusagwa Jumatatu. Mimi nilitaka kuzipigania, Bibi Kadi akanizuia, akasema mistari imeshahama, na nyumba iliyohamwa haigombewi.

Kwa hiyo kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa juu na wa chini, wa kalamu na wa grisi, tunamshukuru mtumishi huyu ambaye hakuwahi kuchelewa zaidi ya mara mbili, hakuwahi kupoteza kadi ya mtu, na hakuwahi kutuambia jambo asilolihakikisha, isipokuwa lile moja, nalo amelisahihisha mbele ya watu. Fundi saa, tunakurudishia mke wako akiwa mzima. Mpe nafasi mezani, maana bila shaka atakupanga na wewe. Dada yetu, ukalee wajukuu, ukalale mchana, ukanywe chai karibu na chochote unachotaka. Kila siku ya maisha yako yaliyobaki iwe na heri, na ziwe nyingi.

Na kwa kuwa maandishi haya yanabaki kwenye faili: ulituambia tutoe droo kwanza. Nilikosea.